Ngozi ya Tumbo la Maige

Chini ya ardhi hakuna mpaka wa shamba. Tangu wenye mgodi walipofunga milango yao na kuondoka, wachimbaji wadogo wa Geita walikuwa wakijichimbia, kila mtu na duara lake, yaani shimo lake. Huku juu kila mmoja alijua pake ni wapi. Huko chini mtu hufuata mshipa wa dhahabu unakokwenda, na mshipa haumuulizi mtu jina. Duara la Maige na duara la Cornel yaliachana kwa hatua mia na zaidi. Yalikutana asubuhi moja ya mwaka 1977, moko wa Maige, ile patasi ya chuma ya kuchimbia, ulipotoboa mwamba na kuzama upande wa pili, na huko upande wa pili kukaonekana mwanga wa karabai.

Katikati ya tundu palikuwa na jiwe. Maige aliliona, Cornel aliliona, na Donatus, aliyekuwa akichimba na Maige kwa miaka sita, aliliona juu ya bega la mwenzake. Lilikuwa jiwe jeupe, ukubwa wa kichwa cha mtoto, na dhahabu imelipita katikati kwa unene wa kidole. Watu wazima wenye wake na watoto wakaanza kupigana kwa nyundo mahali ambapo hata kusimama wima hapakuwezekana.

Maige alikuwa na nguvu zake, ila Cornel alikuwa mtu wa miraba minne na chuki yake ilikuwa ya siku nyingi. Alimvuta Maige kwa miguu mpaka upande wake, akamkalia kifuani, akampiga ngumi za mdomo mpaka meno mawili yakang'oka. Kisha akatoa kisu cha kukatia kamba. Maige alidhani anachinjwa, akakinga shingo kwa mikono yote miwili. Cornel akageukia huko chini, akaichana kaptula.

"Hutazaa mtu wa kunifuata humu," alisema, wala hakupaza sauti.

Alikata mara mbili, kwa sababu kisu kilikuwa butu. Maige alisikia kwanza ujoto ukimwagika mapajani, na maumivu yakafuata baadaye kidogo, yalipokwisha kupata njia. Ndipo nyundo ya Donatus ilipotua kichwani mwa Cornel. Ikatua tena, na mara ya tatu ikatua kwenye kitu kilichokwisha kulainika. Karabai ikapinduka ikazimika, magogo ya kuzuia mwamba yakalia, mwamba ukashuka. Lile jiwe lilibaki huko pamoja na Cornel, na hakuna aliyelitia mkononi.

Donatus alimburura mwenzake gizani, akamfunga gunia kiunoni bila kuona anafunga nini, akampandisha juu kwa kamba iliyovutwa na Ignas, kijana wao wa tatu. Juani alichokiona ni damu kutoka kitovuni hadi magotini. Akambeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha lori la pamba, akawaambia wapakiaji kwamba huyu amechomwa kisu cha tumbo. Yeye hakupanda. Cornel alikuwa na kaka wanne, na Donatus alikuwa na damu yake mpaka viwikoni, kwa hiyo aliingia porini. Habari iliyorudi machimboni ikawa hiyohiyo: Maige kachomwa tumboni.

Maige alipozinduka katika hospitali ya misheni, akasikia kwamba ndivyo watu wanavyosema, alimshukuru Mungu ambaye hata hakuwa amebatizwa kwa jina lake. Aliushika uongo ule kwa mikono miwili. Mkewe, Scolastika, alipofika kwa miguu kutoka kijijini kwao karibu na Masumbwe, alimwambia ni tumbo. Mama yake mzazi, Paskalina, alimwambia ni tumbo. Scolastika alikaa kwenye mkeka kando ya kitanda siku tisa, akimlisha uji, na hakuuliza swali hata moja. Mwanamume akaona amefaulu.

Aliyejua ni daktari na Sista Melania, muuguzi aliyebadilisha bandeji nyuma ya pazia. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Daktari mwenyewe aliitwa Jashvant, mtoto wa Lalji mwenye duka la vitambaa Shinyanga mjini. Alikulia nyuma ya kaunta ya baba yake akisemezana Kisukuma na wateja, akaenda kusomea upasuaji Bombay, akarudi na nywele zimeanza kumtoka. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimweleza Maige kwamba kilichokatwa hakirudi, kwamba korodani hazikuguswa, na kwamba kwa sasa amemtengenezea njia ya mkojo nyuma ya korodani hizo, kwa hiyo atakojoa kwa kuchuchumaa.

Hilo la kuchuchumaa ndilo lililomuumiza Maige kuliko kisu. Meno yalimtoka akanyamaza, alikatwa akanyamaza, lakini siku ya kwanza alipochuchumaa chooni alilia mpaka akajifuta kamasi kwa mkono. Mwanamume wa Kisukuma husimama kwenye ua wa minyaa asubuhi akiangalia ng'ombe wakitoka, na akiwa pale anajisaidia huku akisalimiana na jirani yake ng'ambo. Maige aliwaza kwamba asubuhi hiyo kwake imekwisha, na kwamba siku mtu atakapomwona amechuchumaa, atakuwa si mtu tena.

Juma la nne daktari alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, akalifinya tumbo la Maige kwa vidole viwili akaivuta ngozi.

"Unayo ya kutosha," alisema. "Nitakutengenezea uume mwingine hapa."

Alimfafanulia kama fundi cherehani anavyomfafanulia mteja. Atapasua ngozi ya tumbo mistari miwili, kutoka chini ya kitovu mpaka pale ulipokuwa uume. Hatauondoa ukanda ule. Ataukunja, kingo zikutane, azishone ziwe bomba, huku juu bado limeshika na huku chini bado limeshika, mithili ya mkono wa kikapu. Ndani yake atatia bomba jingine jembamba la ngozi, liwe njia ya mkojo. Nyama hiyo ikae majuma kadhaa ikijifunza kuishi. Kisha ataikata ncha ya juu, na bomba litaning'inia likilishwa na shina la chini peke yake. Damu ikikubali, operesheni ya tatu itaunganisha njia ya mkojo. Damu ikikataa, bomba litakuwa jeusi, litanuka, na litatupwa, na ngozi ya tumbo haioti mara mbili.

Maige aliuliza kama atasimama. Daktari alijua anauliza kusimama kwa aina gani, akamjibu zote mbili: kusimama kwa kukojoa, Mungu akipenda, ndiyo. Kusimama kule kwingine, bomba la ngozi halina mishipa hiyo. Baada ya mwaka mmoja angeweza kuchukua gegedu la ubavu akalitia ndani liwe mti wake, lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Akamuuliza kama mkewe ameambiwa. Maige akatazama ukuta.

"Mficha uchi hazai, Maige," daktari alisema akiinuka. "Mimi nimekwambia."

Operesheni ilichukua saa nne. Bomba likashika, na ngozi ya paja ikabandikwa kufunika jeraha lililobaki chini yake. Mwezi wa pili wa 1978 kipindupindu kikaingia vijiji vya jirani, watu wakaletwa kwa mikokoteni, wakalazwa wawili wawili kitandani na wengine sakafuni. Mtu mwenye jeraha lililokwisha kufunga alikuwa anakalia kitanda cha mtu anayekufa. Daktari akampa Maige ruhusa ya majuma matatu, na kazi ya kufanya.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Alimchora mstari wa dawa ya zambarau kuzunguka ncha ya juu ya bomba, akampa ukanda laini wa mpira. Kila asubuhi na kila jioni aufunge mpira pale kwenye mstari, aibane damu ya juu, ili ya chini ijizoeze kulisha bomba zima peke yake. Kwanza dakika tano, kesho saba, kesho kutwa kumi, mpaka ifike saa mbili nzima. Akiona ngozi inageuka buluu, afungue upesi. Ikibaki na joto na wekundu wake, amshukuru Mungu. Maige hakuwa na saa. Sista Melania akampa rozari, akamfundisha sala, akamwambia akisali makumi mawili bila kukimbia ni kama dakika tano.

Basi mtu huyu ambaye hakuwa Mkristo kwa jina wala kwa maji akawa anakwenda kila asubuhi nyuma ya nyumba yake, kwenye kona ya ua wa minyaa, anavua shati, anafunga mpira, anapitisha punje za rozari huku akilipapasa bomba lile kwa kidole kuona kama lina joto. Alilipenda. Hakuna neno jingine. Alilitazama kila punje tano, akalifunika na kiganja kukiwa na upepo, na siku lilipokaa saa nzima bila kugeuka buluu alicheka peke yake.

Siku ya kumi na moja Donatus alikuja kumjulia hali. Wanawake walikuwa shambani wanapalilia pamba. Alikuwa amekonda, ndevu zimemsimama, nguo zinanuka moshi wa porini, na mkononi ana ratili moja ya sukari, kitu ambacho mwaka ule hata maduka yalikuwa hayana. Walikumbatiana. Donatus akauliza tumbo. Maige akasema tumbo linapona. Jua lilipofika juu Maige akaomba radhi akaenda nyuma ya nyumba, kwa maana siku hizo alikuwa ameongeza na zamu ya mchana. Donatus akasubiri, akachoka, akazunguka nyumba akitafuta maji ya kunywa. Alichungulia kwenye minyaa.

Alichokiona kinataka mtu wa machimboni kukielewa. Mtu wa machimboni amewaona wenzake wakimeza dhahabu, wakiificha chini ya ulimi, wakijipasua shavu la mguu kwa wembe, wakaitia humo na kujishona kwa uzi wa gunia ili wapite kwa askari. Donatus aliona mfuko wa nyama tumboni mwa rafiki yake, umeshonwa pande zote, mnene, na mdomoni umechorwa mstari wa zambarau. Aliona mwenyewe akiupapasa, akiuombea, akiufunga na kamba. Na jiwe la Geita halikuonekana, na gizani mle nani alijua Maige alishika nini; likivunjwa, dhahabu yake ingeenea humo. Na daktari ni Mhindi mwenye ndugu wafanyabiashara, na kila mchimbaji alikuwa na hadithi yake kuhusu Mhindi na dhahabu. Donatus akarudi barazani, akaaga, akaondoka bila kunywa maji.

Kesho yake saa sita mchana alirudi na Ignas. Maige alikuwa pale pale kwenye kona yake, mpira umefungwa, ameshafika kumi la saba.

"Nimeua mtu kwa ajili yako," Donatus alisema. Hakusalimu.

Maige akasema anajua, na kwamba hatasahau.

"Basi jiwe liko wapi?"

Maige alimwambia jiwe liko chini ya mwamba, na kwamba yeye Donatus alikuwepo. Donatus akamtazama tumboni. Akasema miezi sita amelala na fisi, ndugu zake Cornel wamechoma nyumba ya mama yake kule Nyarugusu, na mtu ambaye yeye alimwokoa anakaa kivulini na jiwe limeshonwa tumboni. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaka kulia. Akamuuliza humo ndani mna nini. Jibu la kweli lilikuwa sentensi moja tu. Maige aliifungua midomo, sentensi ikafika mpaka kwenye meno yaliyobaki, akaimeza.

"Nyama," alisema.

Ignas akacheka. Wakamwangusha. Ignas alimkalia miguu, Donatus akambana mikono chini ya magoti yake, wakaviringishana mpaka matawi ya minyaa yakavunjika na utomvu ukawadondokea. Maige aliuma mkono akapata nyama, akapigwa kichwa chini mara tatu mpaka jua likawa mawili. Donatus akatoa wembe. Akaushika ule mdomo wa mfuko, kama alivyodhani, na akakata kwenye mstari wa zambarau, kwa pigo moja la mshazari, mpaka ncha ya juu ya bomba ikaachana na tumbo.

Damu ilitoka tumboni na kwenye ncha, nyekundu na nyingi. Donatus aliliminya bomba, akasikia ugumu wa makovu ndani, akasema lipo. Akaugeuza wembe alipasue kwa urefu, kama mtu anavyopasua samaki. Hapo ndipo Maige alipokwisha. Miezi sita ya kuchuchumaa, saa nne za kisu, rozari zote zile, zilikuwa kwenye ncha ya wembe ule.

"Donatus," alisema. "Nishushe kaptula."

Donatus aliweka wembe chini. Kisha akaishusha. Alitazama kwa muda, na Ignas naye alitazama, akatoka miguuni mwa Maige kama aliyekaa juu ya kaa la moto.

"Ni Cornel?"

"Ni Cornel."

"Na hii ngozi?"

"Ndiyo itakayokuwa."

Donatus aliipandisha ile kaptula mwenyewe, akaifunga kifungo kwa vidole vinavyoteleza damu. Akavua shati lake, akalikunja, akalikandamiza kwenye jeraha la tumbo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaliinua lile bomba taratibu lisiguse vumbi. Alikuwa amepiga magoti hivyo wakati Paskalina, mama yake Maige, alipotokea kwenye kona na mzigo wa kuni, akaona damu, akaona wembe chini, akaona mtu asiyemjua amemwinamia mwanawe.

Mzigo ukaanguka na mama akapiga mwano.

Mwano ni yowe la Kisukuma, na haliulizwi. Ukilisikia unatupa jembe na kukimbia linakotoka, na usipokimbia kesho kijiji hakitakupa hata moto. Ukapokelewa shamba kwa shamba. Ignas aliruka ua akapotea kwenye mtama, na hakuonekana tena. Maige akamnong'oneza Donatus akimbie. Donatus alitazama shati lililolowa chini ya kiganja chake, akasema akiuachia mkono huu damu itatoka.

Walifika ishirini, wakawa arobaini, na marungu, mashoka, mikuki ya babu zao. Mbele alikuwa Bujiku, nsumbantale wa kijiji, kiongozi wa vijana, mtu mrefu mwenye sauti nzito, ambaye msimu uliopita aliibiwa ng'ombe saba na hakuwaona tena. Walimng'oa Donatus pale chini kwa nywele na kwa mkono. Rungu la kwanza lilimvunja mfupa wa bega, ukasikika. Paskalina akamfunika mwanawe kwa khanga, kuanzia kifuani mpaka magotini.

Bujiku aliinua mkono, wakatulia. Kabla ya kuua ilikuwa desturi kuuliza.

"Maige, huyu unamjua?"

Donatus alikuwa amesimamishwa kwa kushikwa kwapani, damu yake na ya Maige zimechanganyika kifuani. Alimtazama Maige. Angeweza kupiga kelele akataja yote aliyoyaona chini ya kaptula ile, na ukelele huo ungemwokoa, maana watu wangetaka kuhakikisha. Alikaa kimya, akingoja.

Na Maige akapiga hesabu yake. Akisema huyu ni rafiki yangu, watauliza kwa nini amekukata. Akisema alidhani ni dhahabu, watauliza ni nini basi. Jibu moja litavuta jingine mpaka khanga iondolewe, mbele ya Bujiku, mbele ya vijana wanaomwamkia shikamoo, mbele ya wake zao waliokuwa wakija nyuma. Alikuwa na neno moja la kuokoa mtu na neno moja la kuokoa aibu, na mdomo wake ulikuwa mmoja.

"Simjui," alisema.

Donatus aliinamisha kichwa.

"Sawa," alisema.

Hawakumpeleka mbali. Walimburura mpaka nje ya ua, na Maige akasikia yote akiwa amelala chali. Alisikia marungu mwanzo yakigonga mfupa na baadaye yakigonga nyama tu. Alisikia mtu akisema lete jembe. Alingoja sauti ya Donatus, ilie au imtaje, maana kama ingemtaja hata sasa angepata kisingizio cha kusema. Haikuja. Polisi walifika siku ya tatu, wakaandika mwizi asiyejulikana, wakaenda zao.

Maige alirudishwa hospitalini kwenye kitanda cha kamba. Daktari Jashvant alifungua shati lililokauka damu, akavaa miwani, akainama kwa muda mrefu. Bomba lilikuwa jekundu na lina joto mpaka ncha.

"Nani amekata?"

"Mwizi."

"Mwizi huyu amekata penyewe hasa," daktari alisema. "Palepale nilipokuchora. Kapindisha kidogo. Na wewe ulifanya kazi yako, damu ya chini imeshika. Siku mbili kabla, ungelipoteza lote."

Alishona ncha vile ilivyokatwa, mshazari, kwa sababu kunyoosha kungemaanisha kupunguza. Mwezi wa tano akaunganisha njia ya mkojo, akamwacha Maige na mpira wa mkojo ndani kwa majuma matatu. Palipounganishwa pakavuja upande, mkojo ukawa unatoka sehemu mbili, na Maige akadhani ameshindwa. Baada ya miezi miwili pakaziba penyewe. Njia ilitaka kujifunga, kwa hiyo kila mwezi alirudi kupitishiwa fimbo laini ya chuma, na kila mwezi aliuma mto. Ngozi ile haikuhisi kuguswa. Ilimea vinyweleo vya tumbo. Siku ya baridi ilikuwa ya baridi, na siku ya joto ilikuwa ya joto. Lakini asubuhi moja ya Agosti, nyuma ya jiko la hospitali, Maige alisimama, akatanua miguu, na mkojo ukaenda mbele, mwembamba na wa kupinda kulia, ukagonga ukuta. Sista Melania aliyemwona kwa mbali alifanya ishara ya msalaba. Daktari, alipoambiwa, alisema arudi mwakani kwa habari ya ubavu.

Njiani kurudi nyumbani Maige aliamua kumwambia Scolastika kila kitu. Sasa alikuwa na cha kuonyesha. Baada ya chakula alimwita ndani, akafunga mlango, akaanza kwa kuzunguka, akataja duara, akataja Cornel, akataja kisu. Scolastika alimsikiliza mpaka kwenye kisu, akamwekea mkono gotini.

"Baba, najua," alisema. "Nilijua siku ya tatu. Sista Melania alinieleza, ili nijue kukuangalia. Akaniomba nisubiri useme mwenyewe."

Maige alikaa. Akauliza nani mwingine anajua.

"Mama anajua."

"Nani mwingine?"

Scolastika alisita, kwa sababu hakuelewa kwa nini uso wa mumewe umebadilika hivyo. Alidhani anamwondolea mzigo.

"Bujiku anajua. Yeye alikuwa juu ya marobota kwenye lori la pamba, hata aliyekubeba hakumwona. Alikushika lile gunia kwa mikono yake, njia nzima mpaka hospitali, usimalizike damu. Alirudi akawakusanya watu wote wa kijiji akawaambia kilichokupata, akasema atakayekucheka atapigwa yeye. Hakuna aliyekucheka, Baba. Mwaka mzima, umemsikia nani akikucheka?"

Hakuwa amemsikia mtu. Alikumbuka jinsi wanaume walivyokuwa wakikohoa kabla ya kupita karibu na ua wake. Alikuwa akidhani ni adabu ya kawaida.

Hakulala. Alfajiri alitoka, akaenda kwenye ua wa minyaa, kwenye kona ileile. Ng'ombe walikuwa wakitoka mazizini. Ng'ambo ya njia Bujiku alikuwa amesimama kwenye ua wake, anajisaidia, akamwona.

"Mwangaluka, Maige," Bujiku aliita, kwa furaha ya kweli ya kumwona jirani amesimama.

Maige akajibu. Akafungua kifungo cha kaptula, akaushika mkononi ule uume wake mpya, akautazama. Ncha yake ilikuwa ya mshazari, pale wembe wa Donatus ulipopita. Alisimama hivyo mpaka Bujiku alipomaliza na kuingia ndani, na mkojo haukuja. Kisha Maige akachuchumaa.